Tume Ianze na Nani? Vipaumbele vya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Vikitazamwa Kutoka Mara



Mwaka 1969, akiueleza mkutano wa TANU Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alisema kwamba kupanga ni kuchagua. Tumeyarudia maneno hayo hadi yamekuwa methali, lakini tunasahau deni lililomo ndani yake. Anayechagua ameacha kitu, na aliyeacha kitu anadaiwa maelezo: ameacha nini, na kwa nini. Mpango usioacha chochote ni orodha ya matumaini.

Nataka kuipima kwa kauli hiyo taasisi changa ambayo wengi wenu hamjawahi kufika ofisini kwake, ingawa kazi yake inawagusa kila mnapoweka kidole kusajili laini, kila mnapoandika jina kwenye kitabu cha wageni na kila mtoto wenu anapofunguliwa faili hospitalini. Hiyo ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hoja yangu ni moja. Tume ipange vipaumbele vyake kwa kuanzia kwa mtu anayeumizwa zaidi na asiyeweza kujitetea, kisha ijipime kwa nafuu aliyoipata mtu huyo. Idadi ya taasisi zilizopewa cheti ije baadaye. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, na kwa nini mkoa wa Mara ni mahali pazuri pa kuyaona haya.

Mzigo wa Tume

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inamhakikishia kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Haki hiyo iliingia katika Katiba pamoja na haki nyingine za msingi kwa marekebisho ya 1984. Kwa karibu miaka 40 haikuwa na chombo chake maalumu cha kuisimamia. Chombo hicho kilikuja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kanuni zikafuata mwaka huohuo, na tarehe 3 Aprili 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Tume jijini Dar es Salaam.

Someni majukumu yake mtaona ukubwa wa mzigo. Tume isajili kila mkusanyaji na kila mchakataji wa taarifa binafsi. Ipokee malalamiko na kuyachunguza, na uchunguzi huo sheria imeupa siku 90, ambazo zinaweza kuongezwa. Isimamie utekelezaji, itoe elimu kwa umma, ifanye utafiti, ifuatilie teknolojia mpya na kushirikiana na vyombo vya nchi nyingine. Imepewa meno pia: inaweza kumwandikia mkosaji amri ya kujirekebisha, na inaweza kumtoza faini ya hadi shilingi milioni 100. Kosa la kufichua taarifa likifika mahakamani, adhabu ya kampuni inaweza kufika shilingi bilioni 5.

Sasa jiulizeni mkusanyaji ni nani. Ni benki na kampuni ya simu, ndiyo. Ni hospitali, shule, chama cha ushirika, saccos, nyumba ya kulala wageni, kampuni ya mabasi na halmashauri pia. Mkoa wa Mara peke yake, kwa Sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 2.3, na hakuna mtu mzima kati yao ambaye jina lake halimo katika daftari la mtu mwingine. Hakuna tume duniani iwezayo kuyafungua madaftari yote hayo. Itachagua tu, ipende isipende. Na isipochagua kwa makusudi, itachaguliwa: na bajeti, na kelele za magazeti, au na wale waliozoea kualikwa kwenye semina za hotelini.

Chaguo la kwanza tumekwisha kuliona, nalo ni usajili. Siku ya uzinduzi Rais aliagiza taasisi za umma na za binafsi ziwe zimejisajili kufikia Desemba 2024, na baadaye muda ukasogezwa hadi Aprili 2025. Silaumu uamuzi huo. Huwezi kumsimamia usiyemjua, na taasisi inayojisajili hulazimika walau kujiuliza inashika taarifa gani na kwa ajili gani. Lakini usajili una tabia moja ya hatari: unahesabika kirahisi. Ofisi yoyote ikiulizwa imefanya nini mwaka huu, itakimbilia kilicho rahisi kuhesabu. Cheti kitaning'inia ukutani, na chini yake, mezani, daftari litabaki wazi.

Wenzetu walichaguaje

Kanada wana ofisi ya namna hii tangu miaka ya nyuma sana, na wamejifunza kuacha mambo. Mwaka 2015 Kamishna wao wa faragha, Daniel Therrien, alitangaza maeneo manne ambayo ofisi yake ingeyashughulikia kwanza hadi 2020: uchumi unaojengwa juu ya taarifa za watu, ufuatiliaji unaofanywa na serikali, heshima ya mtu mtandaoni, na mwili wa binadamu kama chanzo cha taarifa. Kabla ya kuyatangaza, ofisi ilikutana na wadau, kisha ikakaa na vikundi vya wananchi wa kawaida na kuwasikiliza wanaogopa nini. Kamishna wa sasa, Philippe Dufresne, alitoa mpango mwingine Januari 2024 wenye vipaumbele vitatu hadi 2027, na kimoja kati yake ni haki za watoto. Orodha ni fupi kiasi kwamba mwananchi anaweza kuikumbuka, na baada ya miaka mitatu anaweza kuuliza imekuwaje.

Jirani zetu Kenya walipita njia nyingine. Sheria yao ni ya 2019, na ofisi yao chini ya Kamishna Immaculate Kassait iliacha malalamiko ya watu yaionyeshe pa kwenda. Septemba 2023 ilitoza faini tatu kwa mpigo. Kampuni ya mikopo ya simu iliyotumia namba za watu wasiohusika ili kumbana mkopaji ilitozwa shilingi za Kenya 2,975,000. Kilabu kilichobandika picha ya mteja mtandaoni kilitozwa 1,850,000. Shule iliyochapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi ilitozwa 4,550,000, na hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Ujumbe ulifika hadi vijijini, kwa kuwa kila mtu anaijua shule, anaijua baa na anaujua mkopo wa simu.

Lakini njia ya malalamiko ina shimo. Katikati ya 2023 maelfu ya vijana wa Nairobi walipanga foleni kupigwa picha ya mboni ya jicho na mradi wa Worldcoin, wakilipwa sarafu ya kidijitali yenye thamani ya shilingi elfu kadhaa za Kenya. Serikali iliusimamisha Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Ukihesabu, ni karibu miaka miwili tangu macho yapigwe picha hadi amri ya kufuta. Waliokuwa kwenye foleni hawakuwa walalamikaji. Walikuwa wakishukuru kwa fedha waliyopata. Tume inayongoja malalamiko humfikia mtu baada ya madhara kumfikia, na kwa yule asiyejua kama ameumizwa, haifiki kabisa.

Kwa hiyo kuna njia mbili, na kila moja ina nusu ya hekima. Kanada iliuliza kwanza ikachagua. Kenya ilisikiliza vilio ikapiga. Sisi tunahitaji zote mbili, pamoja na ya tatu: kwenda pale ambapo taarifa hukusanywa kwa mkono na kuangalia.

Taarifa zinakaa wapi Mara

Tuanze hapa Musoma. Nendeni mwaloni Mwigobero asubuhi dagaa wanapoanuliwa. Mvuvi huuza, hulipwa kwa simu, na simu ndiyo benki yake. Laini ile aliisajili chini ya mwavuli barabarani, kwa kidole na namba ya NIDA. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na wasiojisajili wakaanza kufungiwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Lengo lilikuwa kumjua kila mwenye laini ili matapeli wakose pa kujificha. Lakini mnajua lililotokea baadaye. Kijana wa laini anamwambia mama, "Mtandao umegoma, weka tena kidole." Mama anaweka mara ya pili, ya tatu. Jioni kuna laini mbili au tatu kwa jina lake, na moja iko mfukoni mwa mtu anayewatumia watu ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii".

Mama huyo hatalalamika kwa Tume, kwa sababu hajui. Njia ya kujua ipo: ukibonyeza *106# unaona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa utapeli unautuma kwenda 15040. Ni wangapi sokoni Nyasho waliowahi kufanya hivyo? Hilo ndilo swali ambalo mpango mzuri ungelijibu kwa kwenda kuuliza.

Hapohapo Musoma tunayo hospitali ya rufaa ya Kwangwa, na mkoani kote kuna vituo vya afya na zahanati. Taarifa za afya sheria inaziita nyeti. Kabla yake, Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 ilikwisha kuagiza siri ya majibu itunzwe. Lakini siri ya mgonjwa haivuji kwa wadukuzi wa ng'ambo peke yao. Huvuja kwa mpangilio wa benchi linalotazama mlango wa kliniki fulani, kwa rangi ya kadi, kwa jina linaloitwa kwa sauti mbele ya jirani, kwa rejesta iliyoachwa dirishani. Katika mji ambao watu wanafahamiana, dakika moja ya uzembe inatosha kumvunjia mtu ndoa au kibarua.

Twende Bunda. Huu ni mji wa njiani: mabasi ya Mwanza, Musoma na Sirari yote hupita, na lango la Ndabaka la Serengeti liko jirani. Mji wa njiani una nyumba nyingi za wageni, na kila nyumba ina kitabu cha wageni. Mgeni huandika jina, namba ya kitambulisho, simu, anakotoka, anakokwenda, na mara nyingi kabila lake pia. Kitabu kiko wazi mapokezi. Anayeingia baada yako anasoma waliolala jana, walikuwa na nani na wameondoka kwenda wapi. Polisi wana sababu ya kutaka kumbukumbu za wageni, na sipingi hilo. Ninachouliza ni kwa nini kumbukumbu ya polisi isomwe na kila mpita njia, na kabila la mtu linamsaidia nani kulala salama.

Bunda hiyohiyo ni nchi ya pamba. Chama cha msingi kina daftari la mkulima: jina, ekari, simu, kilo alizouza, fedha alizolipwa. Ni daftari la lazima, kwa kuwa bila hilo mkulima hudhulumiwa mizani na malipo. Lakini linaonyesha pia nani ana fedha mwezi gani. Likifika kwa wakopeshaji wa riba za kikatili, litawapeleka moja kwa moja mlangoni kwa mwenye shida. Likifika kwa wanaotafuta kura, litakuwa ramani ya kampeni. Mkulima alitoa jina lake ili auze pamba. Kanuni ya msingi ya sheria yetu ni hiyo: taarifa iliyotolewa kwa kazi moja isihamishiwe kazi nyingine bila mwenyewe kujua.

Sasa Butiama. Wengi mkisikia Butiama mnafikiria nyumba na kaburi la Mwalimu. Mimi jioni hii nafikiria nyumba salama wanakokimbilia wasichana wanaokwepa ukeketaji na ndoa za utotoni. Msimu ukifika, hasa Desemba, baadhi yao hutoroka usiku. Kwa msichana wa namna hiyo, jina, sura, kijiji na mahali alipo si mambo ya makaratasi. Siri ya mambo hayo ndiyo inayomtenganisha na kisu. Fikirieni picha moja iliyowekwa mtandaoni kwa nia njema kabisa, ya kuwashukuru wafadhili, ikiwaonyesha wasichana nyuso zao na nyuma yao kibao cha jengo. Au orodha ya majina iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la maofisa ili "wote wawe na taarifa", huku mmoja wao akiwa mjomba wa msichana. Hakuna faini itakayoyarudisha yaliyotokea baada ya hapo.

Nimewatembeza hivi ili tuone kitu kimoja. Tukizungumza taarifa binafsi, mawazo hukimbilia kwenye kompyuta kubwa za Dar es Salaam na Dodoma. Madhara mengi ya hapa kwetu yako kwenye daftari, kidole, benchi, picha ya simu na mdomo wa mtumishi. Mpango uliotungwa kwa kutazama kompyuta peke yake hautamwona msichana wa nyumba salama.

Vipimo vya kuchagulia

Napendekeza maswali manne ambayo Tume iyaulize juu ya kila jambo kabla ya kuliweka kwenye orodha. La kwanza: madhara yake ni makubwa kiasi gani, na je, yanarekebishika? Fedha iliyoibwa inaweza kurudishwa, lakini siri ya afya ikishatoka haifungiki tena. La pili: yanawagusa watu wangapi? La tatu: aliyeumizwa anaweza kujua na kujitetea mwenyewe? La nne: kuna chombo kingine chenye nguvu ya kulishughulikia, ili Tume isukume tu, au bila Tume halina mwenyewe?

Kwa maswali hayo, kipaumbele cha kwanza nakiweka kwa watoto na wagonjwa. Madhara yake hayafutiki, na wahusika hawana sauti. Tume ingeandika, pamoja na wizara za afya, elimu na ustawi wa jamii, mwongozo mfupi wa Kiswahili chepesi kwa zahanati, shule na nyumba salama: nani afungue rejesta, picha ya mtoto ichapishwe kwa masharti gani, jina la msichana aliyeokolewa liandikwe wapi na lisiandikwe wapi. Ukurasa mmoja uliobandikwa ukutani una kazi kubwa kuliko semina ya siku tatu.

Kipaumbele cha pili ni laini za simu na mikopo ya mtandaoni, kwa wingi wa watu. Hapa Tume haiko peke yake. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inasimamia laini. Benki Kuu ilitoa mwongozo wa wakopeshaji wa kidijitali Agosti 2024, na Novemba mwaka huo ikatangaza programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Mnazijua programu hizo. Ukizipakua zinaomba kuona namba zote zilizomo kwenye simu yako, na ukichelewa kulipa siku mbili, mchungaji wako, bosi wako na mkwe wako wanapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Benki Kuu inauliza leseni iko wapi. Swali la Tume ni jingine: kwa haki gani umechukua namba ya mkwe wa mtu? Hata mkopeshaji mwenye leseni anapaswa kulijibu.

Kipaumbele cha tatu ni serikali yenyewe, na hapa naomba mnivumilie. Hakuna anayetushikia taarifa nyingi kuliko serikali: vitambulisho, kodi, afya, elimu, ardhi, ruzuku za wakulima. Mifumo hii sasa inaunganishwa, na ina faida za kweli. Lakini Tume iko chini ya wizara, na Mwenyekiti wa Bodi na Mkurugenzi Mkuu wake huteuliwa na Rais. Kuisimamia nyumba uliyozaliwa ni kazi ngumu kuliko kumsimamia mwenye gesti. Mahakama zetu zimeonyesha kwamba inawezekana. Mei 2024 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na wakili Mtanzania, iliona kwamba baadhi ya vifungu vya sheria hiihii kuhusu ukusanyaji wa taarifa vilikuwa na maneno mapana mno, ikaagiza virekebishwe. Tume ijiwekee mazoea ya kukagua kila mwaka mfumo mmoja mkubwa wa serikali na kuchapisha ilichokiona. Mfumo mmoja tu, lakini kwa ukweli.

Na iache nini? Iache, kwa miaka mitatu ya kwanza, kumfukuza mwenye genge, saluni na kibanda cha steshenari kwa ajili ya cheti. Hao wapelekewe elimu kupitia maofisa biashara wa halmashauri. Iache kuandaa makongamano ambayo mwaka huu yana wahudhuriaji walewale wa mwaka jana. Iache pia tamaa ya kutunga miongozo ya kila teknolojia inayotajwa na dunia kabla haijamaliza ya rejesta ya zahanati. Itamke hadharani kwamba imeyaacha hayo na kwa nini.

Pingamizi tatu

Msomi mmoja atasema: bila usajili kamili Tume haina ramani, utachaguaje mahali usipopajua? Nakubali kwamba usajili uendelee kwa wakubwa, yaani benki, kampuni za simu, hospitali na mifumo ya serikali, ambao wakikosea wanaumiza maelfu kwa siku moja. Lakini kungoja ramani kamili ni kungoja milele. Mganga wa wilaya hangoji kusajili kila kaya ndipo apeleke chanjo kwenye mlipuko.

Mzee mmoja atasema: haya ni mambo ya wageni. Kijijini tunajuana, kila mtu anajua ng'ombe wa mwenzake na ugomvi wa mwenzake. Ni kweli tunajuana. Lakini kujuana kwa kijiji ni kwa pande mbili. Anayejua siri yangu, nami naijua yake, na tunakutana msibani, na wazee wapo wa kumkanya akivuka mpaka. Kampuni inayojua deni langu, mimi siijui. Siwezi kumwita mwenye programu barazani. Zaidi ya hapo, jamii za Mara, Wakurya, Wazanaki, Wajita, Waikizu na wengine, hazikuwahi kuwa jamii zisizo na siri. Mambo ya unyumba, ya maradhi na ya ukoo yalikuwa na watu wake wa kuyasikia na mahali pake pa kuyasemea. Sheria hii imekuja kuilinda mipaka hiyo dhidi ya watu wasioijua.

Wa tatu atatoka upande wa usalama: mkoa wetu una wizi wa mifugo, uko mpakani, unahitaji taarifa nyingi, si chache. Namjibu kwamba sheria yenyewe imeacha nafasi kwa upelelezi na usalama wa taifa. Ila taarifa inayovuja haimsaidii polisi. Orodha ya waliotoa habari za wezi ikisambaa, mwaka unaofuata hakuna atakayetoa habari. Siri iliyotunzwa vizuri ni sehemu ya usalama.

Kujipima

Muda wa kusema haya ni sasa. Mpango wa Tatu wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulipangwa kwa 2021/22 hadi 2025/26, na Dira ya Taifa ya Maendeleo ya 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, utekelezaji wake umepangiwa kuanza Julai 2026. Taasisi zote za umma zinaoanisha mipango mkakati yake na dira hiyo, na kila mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Kitakachoandikwa katika mipango hiyo ndicho kitakachopewa fedha.

Basi viandikwe vipimo vinavyomgusa mtu. Kati ya malalamiko yaliyopokelewa, ni mangapi yalimalizika ndani ya siku 90, na walalamikaji walitoka mikoa gani? Kama kutoka Mara hakuna hata mmoja, isiandikwe kwamba Mara hakuna tatizo, iandikwe kwamba Tume haijafika Mara. Ni zahanati ngapi zilizotembelewa bila taarifa, na rejesta zilikutwa wapi? Ni laini ngapi zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wasiojua zilifungwa? Ni mfumo gani wa serikali uliokaguliwa, na nini kilirekebishwa? Majibu yachapishwe kwa Kiswahili, yafike kwenye mbao za matangazo za kata, na yasomwe redioni.

Na Tume isitunge vipaumbele hivyo Dodoma peke yake. Ije mwaloni, ije stendi ya Bunda, ikae na wahudumu wa nyumba salama Butiama na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Nyerere. Iulize swali moja: taarifa yako ipi ikijulikana kesho itakuharibia maisha? Majibu ya swali hilo yakipangwa vizuri, nusu ya mpango imeandikwa.

Ndugu wananchi, nanyi mnayo sehemu yenu. Sheria inakupa haki ya kuuliza mtu ana taarifa zako zipi na anazitumia kwa nini, kutaka zisahihishwe au zifutwe, kukataa zisitumike kukutangazia biashara, na kudai fidia ukiumizwa. Usiku wa leo bonyezeni *106# na mhesabu laini zenu. Kesho ukiandikishwa mahali, uliza: hili la kabila ni la nini? Mwenye gesti, funga kitabu chako, kiwe cha mhudumu. Mwalimu, muulize mzazi kabla ya kubandika picha ya mtoto wake. Mtendaji wa kata, toa orodha ya majina kwenye kundi la WhatsApp. Na ukiumizwa, andika malalamiko, hata kama huna hakika yatafika wapi, kwa sababu Tume inayopanga kwa kutazama malalamiko haitawaona watu wa Mara mpaka watu wa Mara waandike.